Ukiambiwa Una Kansa ya Tezi ya Shingo: Namna ya Kuibeba Habari Hiyo



Katika vikundi vyetu tumezoea kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa, visima, mikopo midogo na karo ya watoto. Tukigusa magonjwa, tunataja malaria, sukari, presha na ukimwi. Lakini kuna neno moja ambalo likitajwa mkutanoni watu hunyamaza na kutazama chini. Neno hilo ni kansa, au saratani kama wanavyosema redioni. Masikio yanasikia "kansa" lakini moyo unasikia "jeneza".

Mara hii tuongee juu ya kansa ya aina moja tu, ile inayotokea kwenye tezi ya thairoidi, hapa mbele ya shingo. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wanaoipata huishi miaka mingi wakitibiwa vizuri. Pili, pamoja na hayo, hofu yake inaweza kumharibia mtu maisha, na hata kumfanya aache matibabu ambayo yangemsaidia. Kwa hiyo somo letu si la madaktari. Ni somo la moyo: mtu aibebe vipi habari hiyo, na kikundi kifanye nini ili asiibebe peke yake.

TEZI HII NI KITU GANI?

Thairoidi ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, chini kidogo ya koo la sauti. Kazi yake ni kutengeneza homoni ambazo huingia kwenye damu na kuuambia mwili ufanye kazi kwa kasi gani. Ni kama kile kidude cha kupandisha na kushusha utambi wa taa. Homoni zikizidi, moyo unapiga mbio, mtu anatoka jasho na hapati usingizi. Zikipungua, mtu anasikia baridi, anachoka na kusahau sahau.

Tezi hii ikivimba, watu huita goita. Wazee wa sehemu za milimani wanaikumbuka sana, kabla chumvi ya dukani haijaanza kutiwa iodini. Sasa wacha niseme wazi: goita nyingi si kansa. Hata vile vinundu vinavyoota ndani ya tezi, kati ya 100 zaidi ya 90 si kansa. Kwa hiyo ukimwona jirani ana uvimbe shingoni, usianze kumlilia. Mwambie aende apimwe. Daktari atashika shingo, atapiga picha, na pengine atatoa chembe kidogo kwa sindano nyembamba ili zichunguzwe.

Asichelewe hasa ikiwa uvimbe ni mgumu, unakua, sauti imekauka zaidi ya wiki tatu, au kumeza na kupumua kumekuwa taabu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua.

KWA NINI INAUMA HIVYO?

Jambo gumu la ugonjwa huu ni kwamba mara nyingi hauumi mwanzoni. Mama alikuwa analima, anakamua ng'ombe, anaimba kwaya. Ameenda hospitali kwa sababu ya kinundu tu, na amerudi na neno kansa. Mwili haujisikii mgonjwa, lakini karatasi inasema ni mgonjwa. Wanawake ndio hupata ugonjwa huu zaidi, karibu mara tatu kuliko wanaume, na wengi huupata wakiwa bado na watoto wa kulea.

Mwaka 1969 daktari mmoja wa mambo ya akili, Elisabeth Kübler-Ross, aliandika kitabu juu ya wagonjwa waliokuwa karibu kufa. Alitaja mambo matano aliyoyaona kwao, na sisi tunaofanya kazi na wagonjwa huyaona hata kwa watu ambao watapona:

1. Kukataa. "Hawa wamechanganya majina. Si mimi."
2. Hasira. "Kwa nini mimi? Kuna watu wabaya hapa kijijini na hawaguswi."
3. Kupatana na Mungu. "Bwana, nikipona nitaacha pombe. Niache tu mpaka huyu wa mwisho amalize shule."
4. Huzuni. Kukaa kitandani, kutokula, kutotaka kuongea na mtu.
5. Kukubali. "Basi, ni hivyo. Sasa tufanye nini?"

Mambo haya si ngazi ambayo lazima mtu apande moja baada ya nyingine. Mtu anaweza kukubali asubuhi na jioni akarudi kwenye hasira. Mwingine hapitii yote. Kwa hiyo mgonjwa akikufokea leo, jua kwamba si wewe anayekuchukia. Na wewe mgonjwa, ukilia baada ya kufikiri umeshamaliza kulia, hujarudi nyuma. Ndivyo moyo unavyofanya kazi.

Tena, hofu ya kifo si hofu peke yake iliyo ndani. Ukimpa mtu nafasi ya kuongea utasikia mengine: "Karo italipwa na nani? Watauza shamba? Mzee ataoa mwingine? Nitazaa tena? Watasema nimelogwa? Kovu hili shingoni nitalificha na nini? Sauti yangu ya kwaya itarudi?" Hizi ni hofu za kweli. Zikibaki ndani zinakuwa kubwa. Zikitajwa moja moja, nyingine hupata jibu siku ile ile. Kwa mfano, kansa haiambukizwi kwa kikombe, kwa kitanda wala kwa kukumbatiana. Si laana wala matokeo ya ugomvi wa shamba.

MATARAJIO YAKOJE?

Hapa ndipo watu wengi hukosa habari. Kansa ya thairoidi si moja. Ziko aina nne kubwa, na kila moja ina njia yake.

Aina ya kwanza inaitwa papilari. Hii ndiyo ya watu wengi, kama 80 kati ya kila wagonjwa 100. Hukua polepole. Hata ikiwa imefika kwenye tezi ndogo za pembeni ya shingo, bado hutibika vizuri.

Aina ya pili, folikula, nayo hutibika vizuri kwa wengi.

Aina ya tatu, medula, ni ngumu zaidi. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne wa aina hii ameirithi katika ukoo. Kwa hiyo watu wa damu yake wanahitaji kupimwa pia.

Aina ya nne, anaplastiki, ni ya watu wachache sana na huwapata zaidi wazee. Hukua kwa kasi, wakati mwingine unaiona ikiongezeka wiki kwa wiki. Hii ni mbaya, na hatutaficha.

Ukizichukua zote pamoja, hesabu za Marekani zinaonyesha kwamba kati ya watu 100 waliopatikana na kansa ya thairoidi, karibu 98 huwa hai baada ya miaka 5, wakilinganishwa na watu wa rika lao wasio na ugonjwa huo. Bila shaka huko watu hugunduliwa mapema na dawa ziko karibu. Kwetu wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa umekuwa mkubwa. Kwa hiyo usiichukue hesabu hiyo kama ahadi. Ichukue kama sababu ya kutokata tamaa na kutochelewa.

Mfano mwingine unatoka Ulaya. Mwaka 1986 mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, katika Ukraine ya leo, ulilipuka na kumwaga mionzi. Watoto wengi walikunywa maziwa yenye iodini ya mionzi. Kufikia mwaka 2005 zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto na vijana wakati ule walikuwa wamepata kansa ya thairoidi. Kati yao wote, waliokuwa wamekufa kwa kansa hiyo kufikia mwaka huo walikuwa 15. Kila mmoja wa hao 15 alikuwa mtoto wa mtu, na kilio chao ni kilio. Lakini wale maelfu wengine walitibiwa na kuendelea kuishi.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Hofu hupenda giza. Ukiwa na habari kamili, hata kama si nzuri yote, una mahali pa kushika. Tatizo ni kwamba mbele ya daktari akili husimama. Unaitikia "ndiyo, ndiyo", halafu ukifika steji ya matatu hukumbuki hata neno moja. Kwa hiyo enda na mtu unayemwamini, na maswali yakiwa yameandikwa kwenye karatasi:

- Kansa yangu ni ya aina gani kati ya zile nne?
- Imebaki kwenye tezi tu au imetoka nje yake?
- Nitapasuliwa? Tezi itatolewa nusu au yote?
- Baada ya hapo nitahitaji dawa ya iodini yenye mionzi?
- Itagharimu pesa ngapi, na bima italipa kiasi gani?
- Nisipotibiwa sasa, nini kitatokea?

Usione haya kumwambia, "Daktari, sijaelewa, tafadhali nieleze tena kwa Kiswahili." Ni haki yako. Kuhusu malipo, kumbukeni kwamba tangu Oktoba 2024 kazi ya NHIF ilichukuliwa na SHA, kwa hiyo kila nyumba ihakikishe imeandikishwa. Katika hospitali kubwa yuko pia ofisa wa ustawi wa jamii. Mtafuteni mapema, kabla ya kuuza ng'ombe.

HUZUNI NYINGINE INATOKA KWENYE DAMU

Jambo hili ni la maana sana na watu wengi hawaambiwi. Tezi ikitolewa yote, mwili hauwezi tena kujitengenezea homoni zake. Mgonjwa hupewa vidonge vya kuchukua nafasi yake, na atavimeza kila siku maisha yake yote. Aliyetolewa nusu pengine hatavihitaji. Kabla ya dawa ya iodini yenye mionzi, mara nyingi daktari husimamisha vidonge hivyo kwa wiki kadhaa. Wakati huo homoni zinashuka, na mgonjwa anakuwa mzito, anasikia baridi, uso unavimba, anasahau mambo, analia bila sababu.

Watu wa nyumbani hufikiri amekata tamaa, au amekuwa mvivu, au amepagawa. Kumbe ni damu imepungukiwa na homoni. Na dawa ikiwa nyingi mno, mtu anatetemeka, moyo unamkimbia, anakasirika haraka na halali. Kwa hiyo ukiona mabadiliko makubwa ya moyo, usiseme tu "ni mawazo". Mwambie daktari apime damu. Huenda kinachohitajika ni kubadilisha kipimo cha dawa.

Vidonge vyenyewe ni vya namna hii: asubuhi na mapema, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu. Halafu ungoje nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya maziwa. Dawa za kuongeza damu na za kalsiamu zikae mbali navyo kwa saa nne, maana huzuia visiingie mwilini. Usiviache eti kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unavimeza. Kuna waliotupa vidonge baada ya kuambiwa wamepona kwa maombi au kwa mitishamba, na wakaishia kitandani.

SIKU ZA KUKAA PEKE YAKO

Wagonjwa wengine hupewa iodini yenye mionzi, ya kumeza kama kidonge au maji. Inakwenda kwenye mabaki ya tezi na kuyaunguza. Kwa siku chache mgonjwa hukaa chumba chake peke yake, na akirudi nyumbani hukaa mbali na watoto wadogo na wanawake wenye mimba kwa muda atakaoambiwa na daktari. Mionzi hiyo huisha yenyewe, si ugonjwa wa kuambukiza. Mwenye mimba hapewi dawa hii, anayenyonyesha huacha kwanza, na baada ya dawa mama hungoja angalau miezi sita kabla ya kushika mimba. Wengi wamezaa vizuri baadaye.

Kwa mama mwenye mtoto wa miaka miwili, siku hizo ni ndefu. Mtoto analia mlangoni na mama hawezi kumbeba. Mpangeni mapema mtoto atalala kwa nani. Mkubwa kidogo aelezwe, "Mama amekunywa dawa kali, haikasiriki na wewe. Jumapili utamkumbatia." Mtoto asiyeelezwa hujitungia maelezo yake, na mara nyingi huwa mabaya kuliko ukweli.

HOFU YA KLINIKI

Hata baada ya kutibiwa, mgonjwa hurudi kupimwa damu na shingo kwa miaka mingi, kwa sababu kansa hii inaweza kurudi hata baada ya muda mrefu. Ikirudi, mara nyingi bado kuna matibabu. Lakini wiki ile kabla ya kliniki usingizi hukimbia. Wengine huamua kutokwenda, kwa kufikiri wakiacha kupimwa hakutakuwa na habari mbaya. Hapa ndipo mwanakikundi anahitajika. Mtu mmoja aweke tarehe ile kwenye kalenda yake na kusema, "Mama, Alhamisi tunaenda pamoja." Jambo dogo kama hilo linaokoa maisha.

KAMA HABARI SI NJEMA

Wako ambao wataambiwa hakuna tiba ya kuondoa kansa yao. Hao tusiwaambie uongo, wala tusiwaache. Tuwaulize wanataka kujua kiasi gani, na tuwajibu kiasi hicho. Mtu anayejua siku zake si nyingi anaweza kupatana na ndugu, kusema shamba ni la nani, na kuwaaga watoto. Ukimficha, unamnyang'anya nafasi hiyo. Maumivu nayo yana dawa. Hospisi ziko Nairobi, Nyeri, Meru, Eldoret, Kisumu na kwingineko, na kazi yao ni kumsaidia mgonjwa aishi bila maumivu makali, na pia kuisaidia familia yake.

Kuna pia hofu moja ya kwetu Wakatoliki. Watu wakimwona padre akiingia nyumbani na mafuta matakatifu, wanaanza kuulizana mazishi ni lini. Lakini tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, Kanisa lilieleza kwamba Mpako wa Wagonjwa si kwa wanaokata roho tu. Anayengoja operesheni kubwa anaweza kuupokea ili apate nguvu na amani. Sala na kidonge havigombani.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, tuchunge ulimi. Usimwambie mgonjwa, "Shangazi yangu alikuwa na hiyo hiyo, akafa Krismasi." Usimwambie pia, "Bahati yako, hiyo ni kansa nzuri." Hakuna kansa nzuri kwa mtu ambaye shingo ni yake. Na usimwambie, "Jikaze, usilie." Sema tu, "Pole sana, dada. Niko hapa. Leo unataka tuongee au tunyamaze?" Halafu ukae kweli.

Pili, msaada uwe wa kutajwa. "Ukihitaji kitu useme" haumsaidii mtu, maana hatasema. Afadhali: "Mimi nitachota maji Jumanne na Ijumaa." "Sisi tutapalilia lile shamba la mahindi." "Zamu yako ya mzunguko wa pesa tutaileta mbele, kabla ya operesheni."

Tatu, siri ni siri. Asilimulie mtu kilabuni yale aliyoyasikia kitandani kwa mgonjwa. Harambee ikihitajika, mgonjwa mwenyewe akubali kwanza jina na ugonjwa wake vitajwe.

Nne, msimsahau anayemtunza. Mume, binti au mama mkwe naye anaogopa, lakini hakuna anayemwuliza habari zake.

Tano, mpokeeni tena. Akirudi mkutanoni na kovu lake, msimtazame shingo, mtazameni macho. Sauti ikiwa bado imekauka, mpeni kazi ya kushika daftari mpaka irudi. Kwa wengi hurudi. Asiwe "yule mgonjwa wa kansa". Awe mweka hazina wenu, kama zamani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Hapa kwetu watu husema nini wakisikia neno kansa? Kati ya maneno hayo, yapi ni ya kweli na yapi ni ya hofu tu?
2. Je, yuko mtu katika kikundi mwenye uvimbe shingoni ambaye hajapimwa? Nani atamsindikiza, na siku gani?
3. Mwanakikundi akiambiwa leo ana kansa, mfuko wetu unaweza kumsaidia kwa njia gani? Andikeni uamuzi kwenye daftari kabla haja haijatokea.
4. Ni kazi gani tatu za nyumbani tunazoweza kugawana mgonjwa akiwa hospitalini?

Baada ya majadiliano, mwenyekiti ahakikishe jibu la swali la pili lina jina la mtu na tarehe. Bila hivyo tutakuwa tumeongea tu, na ule uvimbe utaendelea kukua.